Deni Limelipwa, Lakini Tarehe Si Kweli



Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi hufikiri kwamba neno hilo ni la wenye maduka na makarani wa vyama vya ushirika tu. Juma hili twataka kuonyesha kwamba ni neno la kila nyumba, hata nyumba isiyo na duka wala ng'ombe, mradi mwenye nyumba aliwahi kukopa fedha benki au kwa simu yake. Maana siku hizi kila mkopaji ana jalada lake mjini, limeandikwa na watu asiowajua, na pengine yeye mwenyewe hajalitazama hata mara moja. Ikiwa ndani ya jalada hilo imeandikwa tarehe moja isiyo ya kweli, mtu aliyekwisha kulipa deni lake aweza kufungiwa mlango kwa miaka mingi, kana kwamba hakulipa.

Husikika mara nyingi vijijini mtu akisema, "Nimelipa deni langu lote, mbona bado nanyimwa mkopo?" Jirani zake humjibu kwamba benki hazina huruma, au kwamba jina lake limechafuka na halitasafishika tena. Majibu hayo hayamsaidii. Lililo bora ni kumwuliza, "Je, umeliona jalada lako? Tarehe zilizoandikwa humo ni za kweli?"

Basi tuanze kueleza jalada hilo ni kitu gani.

Hapa Kenya zipo ofisi zenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya ambazo kazi yake ni kukusanya habari za wakopaji. Watu huziita CRB kwa kifupi. Zinazojulikana sana ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kanuni za kwanza za kazi hiyo zilitolewa mwaka 2008, na benki zikaanza kupeleka majina ya walioshindwa kulipa mwaka 2010. Tangu mwaka 2014 hupeleka habari za wanaolipa vizuri pia. Kanuni zimekwisha rekebishwa, na zile za mwaka 2020 zilikataza kupeleka jina la mtu kwa ajili ya deni lisilofika shilingi 1,000.

Ofisi hizo hazikopeshi mtu, wala si hizo zinazokata shauri kwamba fulani apewe au anyimwe. Huandika yale yanayoletwa na benki na wakopeshaji wengine, kisha huyaonyesha kwa mkopeshaji mpya anayeuliza. Tuwafananishe na mtunza daftari la ubatizo parokiani. Kijana anapotaka kufunga ndoa, padre huomba cheti cha ubatizo, nacho hutolewa kutoka katika daftari kubwa la parokia alikobatizwa. Ikiwa daftari lina tarehe mbovu, kila cheti kitakachotolewa kitakuwa na tarehe hiyo hiyo mbovu. Haifai kukwangua cheti kwa wembe na kuandika tarehe mpya juu yake. Sharti daftari lenyewe lisahihishwe, tena kwa ushahidi. Ndivyo ilivyo kwa jalada la mikopo: ile karatasi unayopewa ni cheti tu, na daftari lenyewe liko kwa mkopeshaji aliyepeleka habari.

Sasa twende kwenye tarehe, maana ndiko lililoko jambo letu.

Mkopo ukikaa siku 90 baada ya siku ya kulipa bila kulipwa, benki huuhesabu kuwa mkopo mbaya, na habari hiyo huandikwa katika jalada la mkopaji. Akilipa baadaye, habari haifutiki siku ile ile. Huandikwa kwamba deni limelipwa, lakini kumbukumbu ya kwamba alikawia hubaki kwa miaka 5 tangu siku ya kumaliza kulipa. Tafadhali, msomaji, shika sana maneno hayo: tangu siku ya kumaliza kulipa. Hesabu haianzi siku ya kukopa, wala siku ya kushindwa. Ndiyo maana tarehe ya malipo ya mwisho ni kitu kikubwa. Ikisogezwa mbele mwaka mmoja, adhabu nayo yasogea mwaka mmoja.

Tutoe mfano, nao ni mfano tu. Tuseme mkulima tunayemwita Petro alikopa shilingi 30,000 benki mwezi wa Aprili 2017, apate mbegu na mbolea. Mvua zikapungua, mahindi yakanyauka, na kuanzia Agosti hakuweza kulipa. Kufika Novemba 2017 mkopo wake ukahesabiwa kuwa mbaya. Petro hakukimbia. Aliuza mbuzi, akafanya kibarua, akalipa kidogo kidogo, na tarehe 14 Februari 2019 akalipa shilingi ya mwisho. Kwa kanuni, kumbukumbu ya kukawia kwake ilipaswa kuondoka tarehe 14 Februari 2024.

Mwaka 2025 Petro ataka mkopo wa kununua ng'ombe wa maziwa. Ananyimwa. Aomba kuliona jalada lake, naye akuta imeandikwa kwamba deni lilimalizika tarehe 3 Novemba 2022. Kwa tarehe hiyo, kumbukumbu yake yakaa mpaka Novemba 2027. Tofauti ni miaka 3, miezi 8 na siku 20. Muda huo wote Petro angali akihesabiwa kama mtu aliyekawia kulipa mpaka juzi juzi, na ng'ombe hamna, na ada ya shule iliyotarajiwa kutoka katika maziwa hamna. Deni ni kweli alikuwa nalo. Kukawia ni kweli alikawia. Uongo ni tarehe peke yake, lakini uongo huo mmoja watosha kumwumiza.

Mwaweza kuuliza, tarehe ya namna hiyo hutoka wapi? Si lazima awepo mtu mwenye nia mbaya. Zipo njia nne ambazo tarehe huharibika.

Njia ya kwanza ni karani kuandika siku aliyoifunga hesabu katika mashine badala ya siku fedha zilipopokelewa. Fedha zililipwa Februari, hesabu ikafungwa miaka mitatu baadaye wakati madeni ya zamani yalipokuwa yakisafishwa, na siku ya kusafisha ikawa ndiyo siku ya kulipa.

Njia ya pili ni deni kuhamishwa. Benki mbili huungana, au mashine za zamani huondolewa na mpya kuletwa, na katika kuhamisha habari siku ya kuhamisha huchukua nafasi ya siku ya kweli.

Njia ya tatu ni malipo kupotea njiani. Mtu alituma fedha kwa simu, akakosea namba moja ya hesabu, na fedha zikakaa mahali pa fedha zisizo na mwenyewe mpaka zilipotambuliwa.

Njia ya nne huwanasa wengi. Mtu hulipa kile anachodhani ndicho cha mwisho, kumbe imebaki riba ya siku mbili au tatu, labda shilingi 40. Yeye aenda zake nyumbani kwa furaha, na hesabu yabaki wazi. Kwa hiyo, unapokwenda kulipa mara ya mwisho, usiulize tu, "Nadaiwa kiasi gani?" Uliza hivi: "Hadi leo, pamoja na riba na gharama zote, nilipe kiasi gani ili hesabu hii ifungwe?" Kisha, usiondoke bila kuomba barua ya kuonyesha kwamba deni limekwisha na lilikwisha tarehe gani.

Hapa tukumbuke habari za mzee Tobiti katika Maandiko Matakatifu. Huyo alikuwa ameweka talanta kumi za fedha kwa Gabaeli, katika nchi ya Umedi, mbali sana na nyumbani kwake. Miaka ishirini ikapita. Tobiti akawa kipofu na maskini, akamwita mwanawe Tobia amtume akazilete. Kijana akauliza swali la akili: mtu yule hanijui, wala mimi simjui, ataniaminije? Baba yake akamweleza habari ya hati. Waliandikiana, hati ikagawanywa, kila mmoja akashika sehemu yake. Basi hati ikaenda safari yote, na Gabaeli alipoiona akatoa mifuko ya fedha ikiwa na lakiri zake. Tobiti alikuwa mtu wa sala na sadaka, na Gabaeli alikuwa mtu mwaminifu, hata hivyo waliandikiana. Karatasi haiondoi uaminifu wa mtu. Huulinda, ili miaka ishirini isiutie shaka.

Sasa, akina baba na akina mama, mambo ya kufanya ni haya.

Kwanza, omba jalada lako. Kwa kanuni za Kenya kila mtu ana haki ya kupata taarifa yake bure mara moja kila mwaka. Hata mkopeshaji anayekunyima mkopo kwa sababu ya yale aliyoyasoma katika jalada lako yampasa akuambie hivyo, na akutajie ofisi iliyompa habari. Huombwa ofisini kwao au kwa simu na mtandao. Ikiwa simu inakushinda, kijana wako aweza kukusaidia, lakini namba yako ya siri usimpe mtu yeyote. Tena ofisi si moja. Kosa laweza kuwa katika moja na lisiwe katika nyingine, au likawa katika zote. Zitazame zote.

Pili, soma polepole, mstari kwa mstari, pamoja na mtu mwenye kusoma vizuri ikiwa wewe hujui. Tazama jina lako na namba ya kitambulisho. Tazama jina la mkopeshaji, kiasi cha mkopo, siku uliyokopa, siku mkopo ulipohesabiwa kuwa mbaya, na siku ya malipo ya mwisho. Pigia mstari tarehe usiyoikubali, na kando yake andika ile unayojua kuwa ni ya kweli.

Tatu, tafuta mashahidi wako. Shahidi wa tarehe si jirani yako aliyekuona ukienda mjini. Ni stakabadhi ya benki, au taarifa ya hesabu yako, au ule ujumbe wa M-Pesa wenye namba yake ya herufi na tarakimu 10 pamoja na siku na saa. Ikiwa karatasi imepotea, benki iliyokupokea yaweza kuombwa taarifa ya hesabu ya miezi ile. Kwa wale wanaolipa sasa, hili ni onyo: stakabadhi za karatasi nyororo zitokazo katika mashine hufifia maandishi, na baada ya miaka michache hubaki nyeupe. Toa nakala mapema. Ujumbe wa simu nao hupotea pamoja na simu. Uandike katika daftari la nyumbani, namba yake na tarehe yake, siku ile ile.

Nne, andika barua. Mpelekee ofisi yenye jalada, na nakala mpelekee mkopeshaji. Usiandike kwa hasira, wala usiandike habari za maisha yako yote. Sema jambo moja. Barua yaweza kuwa hivi:

"Mimi, mwenye kitambulisho namba hii, nimeisoma taarifa yangu ya mikopo niliyoipata tarehe hii. Katika mkopo wa benki fulani, wenye namba ya hesabu hii, imeandikwa kwamba deni lilimalizika kulipwa tarehe 3 Novemba 2022. Tarehe hiyo si sahihi. Deni lilimalizika tarehe 14 Februari 2019. Naambatanisha nakala ya stakabadhi ya siku hiyo na taarifa ya hesabu. Sikatai kwamba mkopo ulikuwepo na kwamba nilikawia kuulipa. Naomba tarehe isahihishwe, na kwa kuwa miaka 5 tangu kulipa imekwisha pita, kumbukumbu hiyo iondolewe. Naomba mnijibu kwa maandishi."

Tia sahihi yako na tarehe. Peleka nakala za ushahidi, karatasi zenyewe zibaki kwako. Ukipeleka kwa mkono, omba wagonge muhuri juu ya nakala yako. Ukituma kwa posta au kwa mtandao, tunza ushahidi wa kutuma. Tangu siku hiyo na wewe unayo tarehe yako ya kuhesabia.

Baada ya kupokea barua yako, ofisi haina ruhusa ya kuitia katika sanduku na kunyamaza. Yaipasa kuweka alama katika jalada kwamba habari hiyo inabishaniwa, na kumwuliza mkopeshaji aliyeileta aichunguze. Ikionekana ni kosa, isahihishwe. Mkopeshaji naye anapaswa kupeleka habari zilizo sahihi na kuzirekebisha anapojua kwamba zimekosewa. Ndiyo sababu tukasema barua iende kote kuwili. Ukimwandikia mwenye jalada peke yake, aweza kusahihisha leo, na mwezi ujao mkopeshaji akaleta tena tarehe ile ile kutoka katika daftari lake bovu.

Tano, ukikataliwa, uliza kwa maandishi wamekataa kwa ushahidi gani. Omba wakuonyeshe malipo waliyoyapokea tarehe 3 Novemba 2022. Ikiwa siku hiyo hakuna hata senti moja iliyoingia, tarehe yao itakuwa imejihukumu yenyewe. Wakizidi kukataa, lipo shauri la kupeleka kwa Benki Kuu ya Kenya, ambayo ndiyo yenye kuzitoa leseni. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayompa kila mtu haki ya kusahihishiwa habari zake zilizo za uongo au zenye kupotosha. Mlalamikaji aweza kwenda kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, na sheria hiyo yataka lalamiko lichunguzwe na kumalizwa katika siku 90. Mahakama ni njia ya mwisho, maana gharama yake yaweza kupita faida.

Sita, baada ya kusahihishiwa, omba taarifa mpya uione kwa macho yako. Neno la simu kwamba "tumekwisha rekebisha" lisikutoshe.

Wengine huchanganya jambo hili na kile cheti kinachoonyesha kwamba mtu hadaiwi, ambacho vijana hutakiwa kukipeleka wanapoomba kazi. Kanuni za 2020 zilisema kwamba cheti cha mara ya kwanza kitolewe bila malipo. Ni kitu chema, lakini cheti hicho si dawa ya tarehe mbovu. Chasema tu kwamba sasa hudaiwi. Yaliyopita bado yamo katika jalada kama yalivyoandikwa.

Sasa tuseme neno la dhamiri, maana ukurasa huu haukuwekwa kwa ajili ya hesabu tu.

Amri ya Nane yatukataza kumshuhudia mtu uongo. Tarehe ya uongo katika jalada ni ushuhuda wa uongo juu ya mtu, hata kama umeandikwa na mashine na hakuna aliyekusudia. Wakati kosa halijajulikana, huenda hakuna mwenye hatia. Lakini likisha kuonyeshwa kwa ushahidi, yule anayeweza kulisahihisha na asilisahihishe, kwa uvivu au kwa kiburi cha ofisi, amekuwa shahidi wa uongo. Vijana wetu Wakatoliki wanaofanya kazi benki na katika ofisi hizo walifikirie hilo. Mbele ya ile mashine wanaona namba, lakini nyuma ya namba yuko baba wa watoto sita anayengoja ng'ombe.

Amri hiyo yatushika na sisi pia. Mwenye kubisha tarehe asibishe ukweli. Wako watu ambao wakisikia kwamba habari yaweza kubishaniwa hukimbilia kuandika kwamba hawakukopa kamwe, au hubadilisha stakabadhi ya 2022 iwe ya 2019. Wanafanana na yule wakili katika Injili ya Luka aliyewaita wadeni wa bwana wake na kuwaandikisha hesabu ndogo kuliko ya kweli. Bwana alisifu werevu wake, hakuwafundisha wanafunzi wizi wake. Mtu aliyekopa akakana, hata lile dai lake la haki halitaaminiwa tena. Kwa hiyo ile sentensi katika barua, "Sikatai kwamba nilikawia", msiiondoe. Ndiyo inayofanya maneno mengine yote yaaminike.

Na aliye na deni la kweli ambalo hajalilipa, kwake hakuna barua ya kuandika ila moja: kwenda kwa mkopeshaji na kupatana naye namna ya kulipa. Dawa ya deni ni kulipa. Tena asifikiri kwamba akinyamaza miaka itamwokoa, maana tulisema hesabu ya miaka 5 yaanza siku ya kumaliza kulipa. Kadiri anavyokawia, ndivyo anavyosogeza mbele siku ya jina lake kuwa safi.

Tuongeze jambo moja kwa ajili ya familia zenye watoto wanaofanya kazi Uingereza, wauguzi na wengineo. Kule hesabu ni nyingine, na wasichanganye. Uingereza habari ya kushindwa kulipa hukaa katika jalada miaka 6, nayo huhesabiwa tangu ile siku mkopeshaji aliyoiandika kuwa siku ya kushindwa, deni likilipwa au lisilipwe. Kwa kawaida siku hiyo yatakiwa kuandikwa mkopaji anapokuwa amekosa malipo ya miezi 3 hadi 6. Basi mkopeshaji aliyeachwa kulipwa Januari 2017, naye akaandika Machi 2019, amemwongezea mtu karibu miaka miwili. Kijana amwandikie mkopeshaji wake lalamiko. Mkopeshaji hupewa majuma 8 kutoa jibu lake la mwisho, na asiporidhika, kijana aweza kwenda bila malipo kwa ofisi ya usuluhishi iitwayo Financial Ombudsman Service. Asikae sana, maana baada ya jibu la mwisho hupewa miezi 6 tu. Kanuni za nchi hizi mbili zatofautiana, lakini akili ni moja: tafuta hesabu huanzia wapi, kisha itazame tarehe hiyo.

Mwisho, jihadharini na matapeli. Wako wanaopiga simu au kubandika matangazo njiani wakisema, "Nitumie shilingi elfu mbili nikutoe CRB leo leo." Hakuna mtu wa njiani mwenye ufunguo wa jalada lako. Kosa husahihishwa kwa ushahidi, na kusahihisha kosa lao hakukupasi wewe kununua. Kumbukumbu ya kweli huondoka kwa wakati wake, si kwa rushwa. Anayekuomba namba yako ya siri ili akusafishie jina anataka kukusafishia hesabu yako ya benki.

Jumapili jioni, baada ya chakula, baba na mama na wakae pamoja na sanduku la karatasi. Watenge bahasha moja kwa kila mkopo, na juu ya bahasha waandike siku ya kukopa na siku ya kumaliza. Waite na watoto wakubwa, wajue bahasha ziko wapi, kama Tobia alivyojulishwa na baba yake. Ikiwa kuna mkopo wa zamani uliolipwa, watume kuomba taarifa juma hilo hilo, kabla ng'ombe hajapatikana wa kununua na kabla ada ya shule haijagonga mlango. Barua iliyoandikwa mapema huenda ikajibiwa kabla ya msimu wa kupanda.

Mungu awabariki katika nyumba zenu. Hadi juma lijalo.